Nilivyowakimbiza Wanaume kwa Sababu ya Mahindi

Kijiji chenyewe sitakitaja. Kiko ndani, ukishaipita Mitole ukaiacha barabara kubwa, na watu wake walinipokea kwa wema ambao sikuustahili. Nikikitaja kuna ndoa mbili tatu nitakazozirudisha kwenye kikao, na mimi vikao vya kule vilinitosha.

Nilikuwa nafanya utafiti wa shahada ya uzamivu. Mada yangu, kwa maneno ya kwenye karatasi, ilikuwa mtazamo wa wakulima wadogo kuhusu mazao yaliyobadilishwa vinasaba na nafasi yake katika maendeleo ya vijijini. Kwa maneno ya kawaida, nilitaka kuwauliza watu wanaolima kwa jembe la mkono: wataalamu wakikuletea mahindi waliyoyarekebisha ili yasiliwe na funza, na serikali ikayaruhusu, utayapanda? Basi. Swali la kuisha kwa kikombe kimoja cha chai, mimi nimelitengenezea kurasa kumi na nne za madodoso.

Kwetu ni Kivinje. Marehemu baba alikuwa mvuvi, mama anauza kanga na vitenge sokoni, na katika ukoo mzima hakuna aliyewahi kulima zaidi ya mchicha wa nyuma ya jiko. Niliposhuka nyumbani na boksi langu la karatasi, mama aliniuliza safari hii nimekuja kufanya nini. Nikamjibu kwa kifupi kwamba natafiti habari za vinasaba. Mama akajitanda, akatoka. Alirudi na mjomba wangu, mkubwa wa ukoo, amevaa kanzu ya Ijumaa ilhali siku ile ilikuwa Jumanne, na kwapani amebana karatasi iliyoungwa kwa gundi kipande baada ya kipande mpaka imekuwa ndefu kama mkeka. Ilikuwa nasaba yetu. Aliitandaza sebuleni, ikaanzia mlangoni ikaingia chini ya meza, akaanza kunisomea tangu juu, fulani bin fulani bin fulani, kutoka Shirazi mpaka Kilwa. Kumkata mkubwa kauli si adabu. Nilimwacha mpaka akafika kwa babu wa babu yangu, ndipo nikamwambia kwa upole kwamba vinasaba ninavyovitafuta mimi ni vya mahindi.

Mjomba alivua miwani.

"Mahindi nayo yana ukoo?" mama aliuliza.

Nikasema, kwa namna fulani, yanao. Mjomba akaikunja karatasi yake taratibu, akasema elimu ya siku hizi ni nzuri ila imepungua haya, akanywa chai, akaenda zake.

Mtu mwenye akili angelipata somo lake pale pale, kabla hajatoka mjini. Mimi nilijiambia kwamba tatizo ni sisi watu wa pwani, mtu akitamka neno linalofanana na nasaba tunatafuta kanzu. Huko ndani kwa wakulima, niliwaza, neno langu litaeleweka.

Na kweli lilieleweka.

Mtendaji wa kijiji alikuwa bwana nadhifu, kalamu tatu mfukoni, mpenda maneno makubwa. Aliisoma barua yangu ya kibali mara mbili, ya pili kwa sauti, akafurahia hasa pale palipoandikwa "vinasaba". Akaniambia nisihangaike, suala la kuwajulisha wananchi nimwachie yeye. Alasiri ile kipaza sauti kilifungwa kwenye pikipiki, kikapita kijiji kizima:

"Wananchi mnatangaziwa kwamba mtafiti wa vinasaba kutoka chuo kikuu amekwishafika. Kesho kuanzia saa mbili asubuhi atapita nyumba kwa nyumba. Kila mkuu wa kaya awepo bila kukosa. Suala la mbegu litachunguzwa kwa undani."

Nilikuwa uwanjani kwa mwenyeji wangu, mjane mmoja mkulima wa ufuta na mihogo ambaye nilimwita Bibi tangu nilipompa shikamoo ya kwanza. Nilimsifia mtendaji kwamba amefupisha vizuri. Bibi alinitazama kidogo, akaendelea kumenya muhogo wake.

Jambo ambalo sikulifikiria ni hili. Katika nchi hii kila mwenye redio anajua vinasaba ni nini. Ni kile kipimo cha baba na mtoto. Kila baada ya muda husikika taarifa kwamba wanaume wengi wanalea watoto wasio wao, kisha wiki nzima vijiweni hakuzungumzwi kitu kingine. Kwa hiyo kijiji kizima kilielewa kwamba serikali imemleta mwanamke mwenye mashine, naye kesho atapita nyumba kwa nyumba kuangalia nani ni wa nani. Anayeilea damu isiyo yake ataambiwa, na aliyepeleka damu yake nyumba ya pili ataambiwa pia. Hawa wa kundi la pili, nilikuja kujua, ndio waliokuwa na haraka zaidi.

Asubuhi nilijitanda, nikabeba madodoso yangu, nikaanza. Nyumba ya kwanza, mkuu wa kaya ameenda shamba la mbali kulinda nguruwe pori. Nyumba ya pili ameenda msibani Kikole. Ya tatu, msibani Kikole. Ya nne, nguruwe. Ya tano, Kikole. Nilipofika nyumba ya tisa nilikuwa nimeanza kuwaonea huruma watu wa Kikole, maana kwa hesabu ile walikuwa wanateketea, na pembeni ya daftari nikaandika: "Kikole kuna nini? Fuatilia." Nikaenda ofisini kumuuliza mtendaji, nikakuta kufuli. Mtendaji ameitwa ghafla kwenye semina wilayani.

Sikukata tamaa. Vitabu vya utafiti vinasema wanawake ndio watunza mbegu, kwa hiyo nikawahoji wanawake. Mmoja, wa makamo, alinikaribisha vizuri mno, akanipa kigoda na chai ya rangi. Nikafungua ukurasa wa kwanza, nikamuuliza mbegu anayoitumia ameipata wapi.

Aliinamisha macho. Akasema ameipata kwa mume wake wa ndoa, mahari ilitolewa, na mashahidi wako hai.

Nikaandika: "Mbegu ya asili, chanzo ni upande wa mume." Nikaendelea na swali la pili, ambalo nilikuwa nimelitunga kwa makini sana na msimamizi wangu chuoni alilisifia: je, angekuwa tayari kujaribu mbegu ngeni kutoka nje, iwapo wataalamu wangemthibitishia kwamba ni salama na inazaa zaidi?

Yule mama aliinuka, akajifunga kanga upya.

"Dada," akasema kwa heshima zote, "chai umekunywa. Hayo mengine kamuulize mama yako."

Nyumba iliyofuata nilikwepa maswali ya mbegu, nikaenda kwenye kipengele cha uhifadhi. Niliomba kuona ghala la mahindi. Mama mwenye nyumba akasimama mlangoni mwa ghala akasema limejaa. Nikasema nitachungulia tu. Akasema kuna giza. Wakati tunabishana hivyo kwa tabasamu, ghala lilikohoa. Tukatazamana.

"Panya," akasema yule mama. "Wa mwaka huu wana vifua."

Nami, Mungu anisamehe, niliandika: "Wadudu na wanyama waharibifu: panya."

Mchana nimejipumzisha kwa Bibi, akaja mama mmoja mtu mzima amemshika mkono mjukuu wake. Mtoto ameogeshwa, amepakwa mafuta anang'aa. Yule mama hakukaa. Alimgeuza mtoto ubavu, akaniambia nitazame sikio, halafu kisogo, halafu kidole kidogo cha mguu. Sikujua nitazame nini. Nikasema neno ambalo kila mtu husema akionyeshwa mtoto: mashallah, mtoto mzuri huyu. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akamtazama Bibi kama anayechukua ushahidi, akaondoka kwa mwendo wa harusi. Mbali kidogo nilisikia kigelegele.

Kumbe alikuwa na mgogoro wa miaka mitano na ndugu zake juu ya mkwewe, na mimi nimekwishaumaliza. Mtoto amepita.

Kesho yake nilipotoka ndani nilikuta uwanja wa Bibi umejaa. Wanawake na watoto, watoto wote wamevalishwa nguo za Idi. Nilidhani ni kliniki, nikataka kupisha. Bibi akaniambia, bila kuacha kupepeta mchele, kwamba hao wamenijia mimi, nikae nao. Nikakaa. Wakawa wanakuja mmoja mmoja. Kila mtoto nilimshika shavu nikasema mashallah, mzuri, na kila mama alipumua, wengine wakanibusu mkono. Mmoja alilia kabisa. Nikawaza kwamba wanawake wa vijijini hawasifiwi vya kutosha, na kwamba hilo linastahili aya katika sura ya nne.

Akaja mwanamke kijana, mpole, amembeba mtoto wa miaka mitatu hivi. Mtoto anakohoa, kamasi zinamtiririka. Nikamgusa paji la uso, nikakuta linachoma.

"Huyu siwezi kumsemea hapa," nikamwambia. "Mpeleke zahanati wakamwangalie vizuri."

Yule mwanamke akajifunika uso kwa kanga. Mtu mmoja nyuma alisema innalillahi. Mwanamke mwingine, ambaye baadaye nilijua ni wifi yake, akaondoka kwa hatua ndefu. Niliona nimekosea, ila sikujua nimekosea wapi, na Bibi alikuwa ameuinamia ungo wake, mabega yanatetemeka. Nilidhani analia.

Haikupita nusu saa akaja mwanamume, wa kwanza kumwona tangu jana. Alikuwa na pumba za mahindi kichwani na kwenye kola. Alisimama mbele yangu akasalimia, na kabla hajasema la pili, akakohoa. Kile kikohozi nikakitambua.

"Dada yangu," akasema, "mimi sina kisomo chako. Ila huyu mtoto ni wangu. Hata hiyo mashine yako ikisema vingine, ni wangu, na mama yake ni mke wangu. Iandikie hivyo, halafu uifunge."

"Mashine ipi, kaka yangu?"

"Ya vinasaba."

Nikamwambia sina mashine. Nina karatasi. Nikamwonyesha. Nikamwambia nimetumwa na chuo kuuliza habari za mahindi.

"Mahindi," akasema.

"Mahindi. Na mihogo, ukurasa wa tisa."

Yule bwana alikaa chini pale pale kwenye vumbi. Kisha akaniuliza, kwa sauti ndogo, kama ninajua yeye amekaa ndani ya ghala tangu juzi jioni. Nikasema nilifikiri ni panya. Hapo Bibi akashindwa kabisa. Ungo ulimtoka, mchele ukamwagika, akacheka mpaka ikabidi wanawake wawili wamshike wamkalishe mkekani, na kicheko kikaenea uwanja mzima, na mkewe yule bwana akafunua uso akacheka naye, ingawa machozi yalikuwa bado yanamtoka.

Watu walipotawanyika nilimgeukia Bibi. Nilikuwa na hasira kwelikweli. Nikamuuliza alijua tangu lini. Akasema tangu kipaza sauti.

"Sasa kwa nini hukuniambia, Bibi?"

"Ningekwambia ungewazuia," akasema. "Mimi nimeishi hapa umri wangu wote, mjukuu wangu. Kuna mambo nilikuwa nayakisia tu. Nilitaka nione nani atakimbia."

Nikamuuliza kama alikisia sawasawa. Akafikiri. Karibu wote, akasema, isipokuwa mmoja ambaye yeye Bibi alimdhania vibaya, maana aliapa moyoni kwamba huyo kakimbia, kumbe maskini yuko Kikole msibani kweli, shangazi yake amefariki. Alisema akirudi atampelekea kuku, bila kumwambia wa nini.

Jioni ile kabla jua halijazama nilikwenda nyumbani kwa yule mwanamke kijana kumwomba radhi. Mtoto alikuwa amepelekwa zahanati, amekutwa na malaria, amepewa dawa, amelala. Mumewe alikuwa nje anasafisha ghala la mama yake, yule wa panya, kwa bidii ambayo haikuulizwa na mtu. Nilimwambia yule mama kwamba ningekuwa mimi nimetuhumiwa vile mbele ya watu, mtafiti asingetoka na meno yote. Akatabasamu. Akasema yeye hakuwa na wasiwasi na mtoto, alijua ni wa nani.

"Ila nikajiuliza," akasema, "mashine ya wataalamu ikikosea, mimi nitamwambia nini mtu anisadiki?"

Ukurasa wa kuliandikia swali lile sikuwa nao. Miaka yote ile nimesoma maandiko ya watu wanaoshangaa kwa nini mkulima anaogopa kitu kilichothibitishwa na wataalamu. Pale kwenye kigoda chake nilielewa zaidi kuliko maktabani. Halafu mbuzi akala ukurasa wa tisa, wa mihogo, tukaanza kukimbizana naye.

Mtendaji alirudi siku ya tatu asubuhi. Semina ilikuwa imekwisha mapema. Aliniambia kwa masikitiko kwamba wananchi wanahitaji elimu, kisha pikipiki ikapita tena na kipaza sauti: mtafiti si wa watoto, ni wa mahindi, wanaume mnaombwa kurejea katika majukumu yenu ya kawaida. Wakarejea. Walitokea porini, mashambani na kwa ndugu zao vijiji vya jirani, wametulia, kila mmoja anapiga mswaki au anarekebisha mpini wa jembe kama mtu aliyekuwepo siku zote. Ilipotimu saa nne ofisi ya kijiji ilijaa. Sijawahi kupata mahudhurio mazuri namna ile. Nadhani kila mmoja alitaka kuonekana amekuja kwa hiari.

Na kikao kilikuwa kizuri. Yule bwana wa ghala alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono, akauliza kama hizo mbegu zinazuia nguruwe. Nikasema hapana, zinazuia funza. Akasema funza anakula punje na nguruwe anakula shamba, kwa hiyo sisi wataalamu turudi chuoni tukaitie hiyo mbegu kinga ya nguruwe kwanza, halafu tuje tuzungumze. Wakampigia makofi. Mzee mmoja akataka kujua kama ukivuna unaweza kuweka mbegu ya mwakani au ni lazima uende tena dukani. Nikamwambia inategemea mwenye mbegu na masharti yake. Akasema kwamba mbegu yenye mwenyewe mjini ni kama mke anayelala kwa baba yake: wako, ila kila ukimtaka unapiga hodi. Mama aliyenifukuza kwa chai yake alisema kwamba yeye mbegu ngeni hana ugomvi nayo, akanitazama, akaongeza, ya mahindi. Lakini je, barabara? Wakati wa masika lori haliingii. Akivuna mara mbili atayapeleka wapi, ayakalie? Hapo ndipo kikao kilipopamba moto, na sehemu yote iliyobaki tulizungumzia daraja.

Chuoni msimamizi wangu alizipokea takwimu zangu kwa furaha. Aliona siku mbili za mwanzo zote ni wanawake watupu, akanipongeza kwa kuzingatia jinsia. Nilimweleza ukweli wote. Alisikiliza mpaka mwisho, akafuta machozi kwa leso, akaniambia niandike "kulijitokeza changamoto ndogo ya kiistilahi". Ndivyo ilivyoandikwa kwenye tasnifu, ukurasa wa sitini na mbili, na ndivyo ilivyopita.

Lakini kabla ya kuandika nilikuwa bado nina kituo kimoja, upande wa Kitomanga. Safari hii nilijipanga. Neno vinasaba nililiondoa kila mahali, mahali pake nikaweka "mbegu zilizotengenezwa maabara", neno safi, la hospitali, lisilo na ukoo wala ndoa ndani yake. Mwenyekiti akatangaza kwamba mtu wa maabara amefika na kesho atapokea watu, wenye sampuli waje nazo. Hilo la sampuli aliliongeza mwenyewe, na mimi sikulipinga, kwani nilikuwa nimemwambia ningependa kuona mbegu zao za kienyeji.

Asubuhi nilikuta watu wamepanga foleni mbele ya ofisi, wanaume na wanawake, hakuna aliyekimbia, na kila mmoja ameshika kiberiti. Nilifurahi sana. Nikawaza kwamba hatimaye nimepata wakulima walionielewa, hata mbegu wamezitenga kidogo kidogo kwa ustadi. Nikakaa mezani, nikamkaribisha mzee wa kwanza, nikapokea kiberiti chake kwa mikono miwili, nikakifungua. Ndani mlikuwa na choo kikubwa, cha kupimwa minyoo.